Wanaokula kwa Fundi Yotham

Watoto walikuwa wakipepeta mchanga kwa mikono kandokando ya reli. Mwanzoni Anyesi alidhani wanacheza, lakini aliposogea aliona kwamba kila mmoja huteka mchanga, huuinua, huuachia upepo uchukue vumbi, kisha huchungulia kilichobaki kiganjani. Walikuwa wakitafuta punje za mtama zilizodondoka kwenye magunia ya jeshi yaliyopakiwa asubuhi ile. Huo ulikuwa mwaka wa pili wa vita ya Wadachi na Waingereza. Baba za watoto hao walikuwa wamechukuliwa kubeba mizigo ya jeshi huko mpakani, na ng'ombe wa nyumba nyingi za Dodoma walikuwa wameswagwa kwenda kulisha askari.

Askari wa zamu aliketi kwenye kivuli cha behewa, akawaacha wakusanye mpaka kila kitambaa kikawa na kitu ndani yake. Ndipo alipoinuka.

"Mali ya Serikali hiyo," alisema. "Mwageni hapa."

Wakamwaga. Msichana mmoja, mwembamba kuliko wenzake, alikunjua kitambaa chake kikiwa kitupu, huku mashavu yamemvimba.

"Na wewe, tema."

Msichana akatema. Askari akausambaza mtama ule kwa kiatu, akaufukia, akacheka. "Haya, anzeni tena. Nitarudi."

Anyesi alikuwa amebeba bakuli la ugali wa mumewe, Yotham, fundi seremala wa karakana ya reli. Alifika karakana, akalitua bakuli juu ya meza ya kazi, akabaki amesimama.

"Leo mbona umekuja na uso wa msiba?" Yotham aliuliza akinawa.

"Kuna watoto wanatemeshwa mtama huko nje."

"Nimewaona. Wapo kila siku."

"Na wewe unakula?"

"Nisipokula mimi, watashiba wao?" Alimega tonge, akaliangalia, akalirudisha bakulini. "Mama Raheli, posho ninayopewa ni ya nyumba moja. Haiwezi kuwa posho ya mji."

"Sikutaja mji. Nataka chungu kimoja, mara moja kwa siku, saa ya adhuhuri."

"Chungu huwa kimoja siku ya kwanza tu," alisema Yotham. Lakini hakusema hapana, na Anyesi alimfahamu mumewe vya kutosha kujua kwamba hilo ndilo jibu lake.

*

Chungu kilianza kwa unga wa nyumba hiyo peke yake. Juma la pili kikapata mwenzi. Swaumu, Mrangi wa Kondoa ambaye mumewe Mustapha aliuza nafaka sokoni, alifika uani akiwa na kikapu kichwani.

"Nimewaletea watoto nafaka iliyofagiwa ghalani," alisema. "Mustapha anasema ni chakula cha panya. Nimemwambia mwaka huu panya wafunge."

"Ahsante, shoga. Karibu ukae."

"Nikae nini, nipe mwiko! Ila nina sharti moja. Siku utakayotia nyama humu, niite kwanza nijue imechinjwa na nani. Kuna watoto wa Kiislamu kwenye mstari wako."

"Nyama? Utaiona wapi nyama mwaka huu?"

Walicheka, na kuanzia siku hiyo kazi ikawa yao wote wawili. Walipita kwa wake wa mafundi, kwa wake wa wachuuzi na kwa akina mama wa kanisani, na kila aliyekubali aliahidi kibaba kimoja cha unga kila juma. Hawakuwa na jina la chama chao. Watu wenyewe ndio waliokiita Kibaba, na wao wakalikubali jina.

Anyesi alipenda mambo yaende kwa utaratibu. Wavulana wakubwa walikuwa wakiwasukuma wadogo, na wengine walikula mara mbili. Zaidi ya hayo, watoto walijaa chawa. Basi aliamua kwamba kila mtoto atakayepokelewa atanyolewa, atapakwa mafuta kichwani, na atafungwa uzi mweusi mkononi ili ajulikane kuwa ni mtoto wa chungu hicho. Alimnyoa wa kwanza kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa ni yule msichana mwembamba wa kule relini. Jina lake Mele, mjukuu wa mzee Matonya wa Chang'ombe.

Mama mkwe wa Anyesi, Bibi Malogo, ambaye tangu mwanzo alikuwa akiguna kila kibaba kilipotoka ghalani, siku hiyo alibadilika ghafla. Aliuchukua wembe kutoka mikononi mwa mkamwana wake. Aliwanyoa waliobaki, hasa wasichana, kwa uangalifu mkubwa, akawapaka samli kutoka katika kibuyu chake ambacho hata mwanawe hakuruhusiwa kukigusa.

"Mama amelainika," Anyesi alimwambia mumewe jioni.

Yotham aliendelea kuunoa msumeno wake bila kujibu.

*

Wasichana ndio walioacha kuja. Wavulana walibaki kwenye mstari, wakala na kulamba vidole kama kawaida, lakini upande wa wasichana ulipungua kila siku, mpaka adhuhuri moja Anyesi alimwaga uji uliobaki ndani ya chungu cha jioni na kuona aibu, kana kwamba ameuiba.

"Labda wamepata kwingine," alisema.

Swaumu alimtazama. "Kwingine wapi? Shoga, nikwambie nililolisikia sokoni, ama ninyamaze?"

"Niambie."

"Wanasema mke wa Fundi Yotham anakusanya ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Hapo ndipo wanaponiacha. Mimi ni mtu wa Kondoa, mambo yenu ya huku siyajui yote. Nenda Chang'ombe ukaulize wenyewe."

Anyesi alikwenda siku hiyohiyo. Alimkuta mzee Matonya nje ya tembe lake, akikaza kamba za kitanda.

"Mbukwa, babu."

"Mbukwa." Hakumwonyesha kigoda.

"Nimekuja kumwulizia Mele. Haji kula."

"Mele wangu, au Mele wako?"

"Sijakuelewa, babu."

Matonya aliiacha kamba. "Njaa si jambo geni kwetu. Mtu akitaka mtoto wa mwenzake wakati wa njaa, huja mchana, nafaka ikiwa kichwani na watu wakiona. Mnaketi, mnapatana: nafaka ni kiasi hiki, mtoto atakula kwako, na siku atakapoolewa, ng'ombe wa mahari ni wako. Nilifanya hivyo kwa dada yangu katika njaa ya zamani. Sikuona haya, maana nilitamka mwenyewe kwa kinywa changu. Lakini wewe unamchukua wangu kwa uji, kata moja moja, kama mtu anayeiba kuku kwa kumtupia punje."

"Mimi? Nani amesema namchukua?"

"Kichwa chake kimesema. Nani alimnyoa? Nani alimpaka mafuta? Nani alimfunga uzi?"

"Alikuwa na chawa, babu!"

"Chawa hawafungwi uzi."

Anyesi alikuwa amelelewa na misheni tangu akiwa mtoto mchanga. Alijua kusoma, kushona na kutunza wagonjwa, lakini hakuna aliyewahi kumweleza kwamba kunyoa, kupaka mafuta na kufunga uzi, vikifuatana hivyo katika mwaka wa njaa, ni namna ya kumpokea mtoto wa rehani.

"Naapa sikujua," alisema.

"Pengine hukujua. Mama mkwe wako anajua." Matonya aliishika tena kamba yake. "Amepita hapa juzi kunisalimu. Akaniuliza kama Mele ameanza kusaga, na kama ana afya. Mtu huuliza hivyo akiwa na mali yake kwa watu."

Kutoka ndani ya tembe ilisikika sauti ya mtoto akikohoa. Anyesi aliomba amwone. Mele alikuwa amelala juu ya ngozi, magoti yamefika kifuani, uzi mweusi haumo tena mkononi. Alimtambua Anyesi, akageuza uso ukutani kama alivyofundishwa.

"Anakula nini?" Anyesi aliuliza alipotoka.

"Anakula tunachokula," alisema Matonya.

*

Bibi Malogo hakukana. Alikuwa akisaga wakati Anyesi anaingia, na aliendelea kusaga wakati anajibu.

"Ni kweli. Kuna ubaya gani? Wanakula, wanaishi. Wakiwa wakubwa wataolewa, nasi tutapata chetu."

"Mama, sisi tuliwaita watoto waje kula bure. Hata Swaumu, hata wale akina mama wanaoleta vibaba, wote tumewaambia ni bure."

"Bure!" Jiwe lilisimama. "Zizi la baba yake Yotham lilikuwa linajaa mpaka ndama wanalala nje. Wamekuja askari, wamefungua mlango, wamewaswaga wote, hata ahsante hawakusema. Mwanangu mdogo Kefa ataoa kwa kitu gani? Kwa uji wako? Wewe ndiye uliyemnyoa yule wa kwanza. Nilifurahi, nikasema, kumbe mkamwana wangu ana akili, anafikiria nyumba."

"Ungeniambia."

"Nikwambie ili ukatae?"

Yotham alikuwa amesimama mlangoni, bado ana vumbi la mbao kwenye nywele. Anyesi alimgeukia.

"Baba Raheli, unasikia mambo haya?"

"Nilijua," alisema Yotham.

Raheli, binti yao, ambaye hata meno ya utoto yalikuwa hayajaanza kung'oka, alimtazama baba yake, kisha mama yake, akajisogeza karibu na bibi yake.

"Nilimwona mama akiwapaka samli, nikajua," Yotham aliendelea. "Nikasema moyoni, haya ni mambo ya wazee, yatapita. Halafu nikasema tena, na yasipopita, basi. Kefa ni mdogo wangu. Sikutaka kuwa mtu wa kumnyang'anya."

"Ukanyamaza na watoto wakarudi relini."

"Nikanyamaza."

Anyesi aliketi. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi. "Tukienda kwao kesho, tukasema hatudai kitu?"

"Watacheka," alisema Bibi Malogo. "Leo mtu hudharau deni kwa kuwa ameshiba. Mtoto akivunja ungo, ng'ombe wakaanza kuhesabiwa, anakumbuka. Nyumba ngapi nimeziona zikifanya hivyo! Deni la chakula cha njaa halifutwi kwa maneno, mwanangu. Linalipwa."

"Linalipwa kwa nini?"

"Kwa kitu kilekile. Chakula kwa chakula, mtoto kwa mtoto." Bibi alisema hayo kwa hasira, bila kuyapima, na alikuwa amekwisha kushika jiwe tena alipomwona Anyesi akimtazama Raheli.

"Basi Raheli atakula kwao."

"Nani?"

"Atanyolewa, atakwenda nyumba kwa nyumba. Kila nyumba wanakotoka wasichana tuliowanyoa, yeye atakula tonge na kufungwa uzi. Wao watakuwa na haki kwetu, nasi tutakuwa na haki kwao. Hakuna atakayeweza kumdai mwenzake."

"Una wazimu!" Bibi Malogo aliinuka, unga ukamwagika. "Mjukuu wangu awe rehani ya kijiji kizima? Siku ya harusi yake waje watu wote wa Chang'ombe kusimama mlangoni? Yotham, mwambie mkeo!"

Jambo hilo lilikuwa la Yotham peke yake kuamua, kwa kuwa yeye ndiye baba wa mtoto, na mahari ya Raheli ndiyo mali pekee ambayo askari hawakuweza kuiswaga. Alikung'uta vumbi kutoka mikononi, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Asubuhi nitaomba ruhusa karakana," alisema. "Na wewe mama utakuja nasi. Mkubwa wa nyumba ndiye shahidi."

"Siji."

"Usipokuja, nitasema mbele yao kwamba mama yangu amekataa. Watajua kuwa tunadai."

Bibi Malogo hakula jioni ile.

*

Swaumu alibaki na chungu. "Kwetu Kondoa," alisema alipoelezwa, "jambo kama hili lingewekewa kikao, na baada ya kikao bado tungegombana. Nendeni. Mimi nitasonga uji mwingi, Mungu akipenda mtarudi na walaji."

Walitangulia Yotham na Raheli, Anyesi akafuata, na nyuma kabisa Bibi Malogo akiwa amejifunika kaniki mpaka usoni. Kichwa cha Raheli kilichonyolewa kiling'aa kwa mafuta. Katika nyumba ya kwanza walishukiwa. Iliwabidi waeleze mara mbili, na mwenye nyumba akamwita jirani yake aje kusikia. Kisha mama mmoja alileta ugali wa uwele kwenye kipande cha kibuyu. Raheli alikula, akafungwa uzi. Bibi Malogo alitakiwa kutamka maneno ya shahidi, akayatamka kwa sauti ndogo: "Amekula. Nimeona."

Nyumba zilizofuata zilikuwa rahisi, maana habari ilikwisha kuwatangulia. Wapo waliowacheka. "Fundi, leo umekuja kuombaomba?" mwanamume mmoja alimwuliza Yotham, na Yotham akajibu, "Ndiyo, ndugu yangu, tusaidie." Mahali pengine Raheli alipewa mlenda usio na chumvi, akafumba mdomo, akatikisa kichwa. Mwanamke mzee wa nyumba ile aliinama mpaka nyuso zao zikalingana.

"Meza, mjukuu wangu. Usipomeza wewe, wangu hatakula kesho."

Raheli alimeza, machozi yakimtoka, akanyoosha mkono ufungwe uzi.

Walifika kwa mzee Matonya jua likiwa limeanza kuelekea magharibi. Alikuwa amekwisha kusikia, na alikuwa amevaa shuka lake zuri. Safari hii aliwapa vigoda. Yotham alisema yaliyowaleta. Matonya alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani. Alikaa huko muda mrefu kuliko unaohitajika kuchukua chakula.

Anyesi alielewa kabla ya wengine. Hapakuwa na moshi katika tembe lile, na jiwe la kusagia lililokuwa nje lilikuwa kavu. Alimnong'oneza mumewe, "Hana kitu."

Yotham akainuka, akasogea mlangoni. "Babu, hata maji yatatosha."

"Maji si chakula," sauti ya Matonya ilijibu kutoka gizani. "Mama yako anajua."

"Basi tukuachie unga kidogo, halafu—"

"Huo utakuwa unga wako. Mtoto wako atakula unga wako nyumbani kwangu, nami nitafunga uzi? Usinifanye mjinga, fundi. Ketini."

Alitoka na kibuyu chenye shingo nyembamba, mdomo wake umezibwa kwa nta. Bibi Malogo alipokiona alishusha kaniki kutoka usoni kwa mara ya kwanza siku ile. Kila mtu wa nyanda zile alijua kinachowekwa katika kibuyu cha namna ile. Ilikuwa mbegu ya uwele, inayosubiri mvua.

"Matonya," alisema Bibi Malogo. "Mvua iko karibu."

"Najua."

"Utapanda nini?"

"Nitapanda pungufu." Mzee alibandua nta kwa ukucha, akamimina mbegu kiganjani, si nyingi, akazitazama, akaongeza kidogo. "Shamba likiwa dogo nitalimaliza mapema. Mjukuu wangu nataka nibaki naye mzima."

Alimwita Mele atoke. Mtoto alitoka akijishikiza ukutani, na babu yake akampa mbegu azisage, kwa kuwa hapakuwa na mwanamke mwingine nyumbani. Alisaga polepole, akipumzika kila mara. Anyesi aliinuka ili amsaidie. Matonya akamzuia kwa mkono. Wageni walikaa wakimtazama mtoto mwenye njaa akiwasagia chakula, na hakuna aliyeweza kutazama kando bila kuonekana anatazama kando.

Ugali ulipoiva ulikuwa tonge moja. Matonya aliumega kwa mkono wake, akampa Raheli. Raheli, ambaye tumbo lake lilikuwa limejaa vyakula vya nyumba zote, alimtazama mama yake, kisha akamtazama Mele aliyesimama na unga mikononi. Akala. Alitafuna kwa muda mrefu, akameza, akafungua mdomo wazi mbele ya mzee ili aone kwamba hakuna kilichobaki.

Matonya alimfunga uzi. Halafu akamgeukia Bibi Malogo, akangoja.

Bibi kizee alikuwa akikitazama kile kibuyu.

"Amekula," alisema, kwa sauti iliyosikika hadi nyumba ya jirani. "Nimeona. Na wengine wote niliowanyoa, sidai kwa yeyote."

"Mele," Matonya alisema, "nenda na hawa. Kama uji haujaisha, ukale."

Njiani kurudi, Yotham alimbeba Mele mgongoni, na Anyesi alimshika Raheli ambaye alikuwa akilalamika tumbo. Bibi Malogo alitembea kando ya mwanawe, bila kujifunika. Walipoliona paa la stesheni ndipo aliposema:

"Kefa utamwambia wewe mwenyewe. Mimi siwezi."